Barua ya wazi: Pimeni vilindi vya Tanga kabla havijaguswa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu,
Kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI),
Kwa uongozi wa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tanga. Nawaandikia kuhusu sehemu ya mkoa wetu ambayo ramani zote za darasani kwangu huipaka rangi ya buluu na kuiacha hivyo hivyo: sakafu ya bahari, kuanzia pale miamba ya matumbawe ya kina kifupi inapokatika na kuteremkia kwenye Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya bara na kisiwa cha Pemba. Ombi langu nalitanguliza ili msilitafute. Sakafu hiyo ipimwe na ipigwe picha. Matumbawe ya vilindini na sifongo zake, wanyama wa baharini waishio wameshika sakafu, zijulikane ziko wapi, kwa majina na kwa mahali. Kazi hiyo ifanywe na wanasayansi wa nchi hii wakiwa ndio wenye mradi, na majibu yaletwe huku kwa Kiswahili. Na ifanyike kabla chombo chochote hakijapewa ruhusa ya kushusha wavu mzito, nanga au bomba kwenye vilindi hivyo.

Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, eneo la kilomita za mraba 552 linaloanzia mdomo wa Mto Pangani na kupanda kaskazini hadi kupita jiji la Tanga. Lilikuwa jambo jema na tunalishukuru. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosari, miaka milioni 66 hivi iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini Desemba 1938 na kutambuliwa kuwa si samaki wa kawaida na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London. Kwetu sisi walianza kunaswa kwenye majarife, nyavu za kuvulia papa, mfululizo kuanzia 2004, na hapo ndipo jina la Tanga likaingia kwenye vitabu vya sayansi duniani. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliosoma magamba yake walichapisha kwamba samaki huyu anaweza kuishi karibu miaka 100, jike hawi tayari kuzaa mpaka afike umri wa miaka 50 na kitu, na mimba yake huchukua takriban miaka 5. Jike mmoja mzima akifia wavuni, itachukua zaidi ya nusu karne kumpata wa kushika nafasi yake.

Hifadhi basi ina samaki kwenye jina lake. Mimi nauliza habari za makao yake. Mtafiti wa Ujerumani Hans Fricke na wenzake, walioanza kuwaona silikanti kwa nyambizi ndogo huko Komoro mwaka 1987, baadaye waliwakuta mchana wamejibanza mapangoni, kwenye miteremko mikali ya mawe. Mwaka 2000 wapiga mbizi wa Afrika Kusini waliwaona Sodwana, mita 104 chini, kwenye mabonde yaliyochimbika kwenye ukingo wa bara. Mwaka 2007 wataalamu wa Aquamarine Fukushima kutoka Japani walikuja hapa hapa Tanga na roboti ya chini ya maji, ile inayoongozwa kwa waya kutoka melini, wakawapiga picha silikanti wetu wakiwa hai. Kote huko samaki huyu ana tabia moja: anataka mwamba wenye mashimo na vivuli, mahali pa kujificha mchana na kutoka usiku kuwinda. Miamba ya kina hicho haikai tupu. Inaota sifongo, matumbawe meusi, na yale matumbawe laini yenye umbo la feni. Ukivunja hayo, umevunja nyumba yake, hata kama hukumgusa mwenyewe.

Naomba mnivumilie nieleze kidogo, maana hata wanafunzi wangu hushangaa wanaposikia. Mtaala unatufundisha kwamba matumbawe hujengwa kwa msaada wa jua, kwa sababu ndani ya nyama yake huishi vijimea vidogo vinavyotengeneza chakula. Hiyo ni kweli kwa yale ya visiwa vyetu vya Yambe na Karange. Lakini chini ya mita 200 jua la kutengenezea chakula halipo, na matumbawe yapo. Hayo ya chini hayana vijimea. Yanaishi kwa kudaka: chembe za chakula zinazodondoka kutoka juu, mizoga midogo, vijidudu vinavyosukumwa na mkondo. Ndiyo maana hupenda kuta na vilima vya chini ya bahari, mahali maji yanapokwenda kwa kasi. Mkondo wa Pemba, wenye kina kinachofika mita 800 hivi na maji yasiyotulia, ni mahali pa kutafutwa kwanza.

Kwa sababu chakula ni haba na baridi ni kali, kukua kwake ni kwa polepole kupita kiasi. Matumbawe meusi ya jamii ya Leiopathes yaliyochukuliwa Hawaii yalipimwa umri, na matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionesha kwamba mti mmoja ulikuwa na miaka takriban 4,265 na ulikuwa bado hai. Shina lake kwa mwaka huongezeka unene usiofikia unywele mmoja. Mti huo ulikuwa umekwishaota kabla ya miji ya kale ya Kilwa na Tongoni, kabla ya yeyote kusafiri kwa kaskazi kuja kufanya biashara pwani hii.

Sifongo nazo zina habari inayotuhusu sisi moja kwa moja, na ningependa kila mtoto wa pwani aijue. Mwaka 1898 Wajerumani walituma meli ya utafiti iitwayo Valdivia, kiongozi wake akiwa Carl Chun, ikazunguka Afrika na kupita mwambao huu wa mashariki. Kutoka vilindi vya pwani ya Afrika Mashariki wakapandisha sifongo ya kioo ambayo sayansi ilikuwa haijaiona, wakaipa jina la Monorhaphis chuni kwa heshima ya Chun. Inasimama juu ya mwiba mmoja wa kioo ambao unaweza kufika urefu wa mita 3. Mwaka 2012 wanasayansi waliopima mwiba wa sifongo ya aina hiyo kutoka bahari ya China walikadiria kwamba ulikuwa umejijenga kwa miaka 11,000 hivi, na wakausoma tabaka kwa tabaka kujua joto la bahari ya kale lilikuwa likipanda na kushuka vipi. Mnyama aliyetambuliwa kwanza kutokana na bahari ya upande wetu ni miongoni mwa viumbe wenye umri mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa duniani. Jina lake ni la Mjerumani, vielelezo vyake vilikwenda Ujerumani, na nimemaliza shule na chuo bila kumsikia akitajwa. Nasema hivi nikiwa na uchungu, na sitaki wanafunzi wangu nao wamalize hivyo hivyo.

Sasa nije kwa wavuvi, kwa sababu wao ndio wameyaona haya kwa mikono yao. Nenda Kigombe asubuhi wavuvi wa jarife wanaporudi. Wavu ukivutwa mchangani, mbali na papa na taa, kuna vitu vimenasa ambavyo havina bei. Kimoja ni kijiti chenye matawi kama mchongoma. Nyama yake laini inateleza na kutoka vidoleni, na ndani unabaki ufito mweusi unaong'aa, ukiupapasa unakwaruza kwa vimiba vidogo vidogo. Hayo ni matumbawe meusi. Kingine ni bonge la sifongo lililochanika nusu, jepesi kuliko unavyotazamia, na ukilishika bila kitambaa viganja vinawasha mpaka jioni kwa sababu ya sindano zake. Mvuvi anakung'uta, anakata uzi mahali palipojisokota, anatupa. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kile ni nini wala kina umri gani, na wavu ule ndio ada ya shule.

Lakini mwulize alikitoa wapi. Atakuambia kwa alama za nchi kavu, kilima fulani kikae juu ya minazi fulani, ncha ya kisiwa ifunguke kiasi hiki, na pia atakuambia kamba ilikwenda pima ngapi mpaka ikagusa. Atakuambia mahali wavu huraruka kila mara, na mahali unaposhuka ukakuta tope. Hiyo ni ramani ya sakafu ya bahari, imo vichwani mwa watu, na wazee wake wanaondoka mmoja mmoja. Utafiti wowote wa maana Tanga ungeanza kwa kukaa na nahodha hawa kwa adabu, kuandika alama zao, kisha ndipo meli iende kupima kwa mitambo. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na siku moja ya meli ya utafiti baharini.

Na hapo pana jambo linaloumiza. Kipo kikundi cha watafiti kilichowahi kufika kwenye kijiji kimoja cha mwambao huu, kikauliza maswali siku nzima, kikapima, kikapiga picha vitu vilivyotoka wavuni, kikashukuru, kikaenda. Wanakijiji wanaulizana mpaka leo majibu yalikuwa nini. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, sisi tunatoa tu." Sikuwa na la kumjibu.

Waheshimiwa, haraka yangu inatokana na mambo yanayoendelea mbele ya macho yetu. Bandari ya Tanga imechimbwa ili meli kubwa ziingie. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na ndiko meli za mafuta zitakuja kupakia. Siandiki kupinga bandari wala bomba. Wapo ndugu zangu waliopata kazi huko na nawaombea heri. Ninachosema ni kwamba mtu hupima kiwanja chake kabla ya jirani kuanza kujenga, siyo baada ya ugomvi.

Tazameni Ghuba ya Meksiko. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka, watu 11 wakafa, na mafuta yakatoka kisimani kwa siku 87. Macho ya dunia yalikuwa juu, kwenye ndege waliolowa mafuta na fukwe zilizochafuka. Novemba mwaka huo huo wanasayansi waliteremsha roboti kilomita 11 kutoka kwenye kisima, kina cha mita 1,370 hivi, wakakuta matumbawe yamefunikwa utando wa kahawia, nyama inachanika, mengine yanakufa. Waliweza kusema kwa uhakika kwamba yale ni madhara ya mafuta kwa sababu walikuwa wameshafanya kazi miaka kadhaa kwenye vilindi vya ghuba hiyo na walikuwa na picha za matumbawe ya sehemu nyingine yakiwa na afya. Picha hizo zikawa ushahidi. Katika makubaliano ya mwaka 2016 na kampuni ya BP, mwenye kisima hicho, kuhusu uharibifu wa mazingira, zilitengwa dola zipatazo milioni 273 kwa ajili ya viumbe wa sakafu ya vilindi peke yao.

Na sisi je? Mungu apishie mbali, lakini mafuta yakimwagika kwenye Mkondo wa Pemba, wakili wa Serikali atasimama na picha gani? Atadai fidia ya matumbawe gani, yaliyokuwa wapi, mengi kiasi gani, yakiwa na hali gani kabla? Upande wa pili utakuja na wataalamu wake, na utauliza maswali hayo hayo.

Norwei ni nchi ya mafuta na ya uvuvi, haiwezi kuambiwa haijui faida ya vyote viwili. Mwaka 1999 ilipiga marufuku nyavu za kukokota chini kwenye mwamba wa matumbawe ya vilindini wa Sula. Mwaka 2002 ikagundulika miamba ya Røst, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 30, na mwaka huo huo watafiti wakakadiria kwamba kati ya 30% na 50% ya matumbawe ya namna hiyo nchini humo yalikuwa yameshaharibiwa au kuathiriwa na nyavu hizo. Tangu 2005 wana mpango wa taifa wa kupima na kupiga picha sakafu ya bahari yao, uitwao Mareano, na ramani zake ziko wazi kwa kila mtu. Kampuni inayotaka kuchimba hutakiwa kwanza ionyeshe matumbawe yako wapi. Wao walichelewa mpaka sehemu kubwa ikavunjika. Sisi bado tuna nafasi ya kutochelewa.

Tanga tunajua kuchelewa kunagharimu nini. Uvuvi wa baruti ulisaga matumbawe yetu ya kina kifupi mbele ya wazazi wetu, na miaka mingi ya kazi ya vijiji, wataalamu na Serikali, tangu programu ya hifadhi ya mwambao ilipoanza hapa 1994, ilitumika kuyarudisha yaliyoweza kurudi. Matumbawe ya juani yakilindwa, mtu aliyeyaona yakifa anaweza kuishi akayaona yakirejea. Ya vilindini hakuna atakayeyasubiri.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha. Meli ya utafiti wa bahari kuu ni ghali, na mkoa huu una zahanati zisizo na dawa. Nakubali. Lakini kazi hii ina hatua zake. Ya kwanza ni kukusanya kilichokwishapatikana. Meli ya utafiti ya Dr. Fridtjof Nansen imefanya utafiti katika maji ya Tanzania zaidi ya mara moja, tangu miaka ya 1980 mwanzoni hadi 2018. Kampuni za gesi zilizochimba kusini, Mtwara na Lindi, zimeteremsha roboti kwenye kina kikubwa sana na kurekodi video za visima vyao, na kandokando ya visima hivyo wanaonekana viumbe. Video na vipimo hivyo vyote vikusanywe mahali pamoja, Kunduchi jijini Dar es Salaam au kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, na wanafunzi wetu wa shahada wakae wavisome. Hatua inayofuata ni kamera ya kuteremshwa kwa kamba kutoka kwenye mashua ya kawaida, yenye taa na kasha linalostahimili mgandamizo. Kwa kina ambacho majarife yanafika, inatosha. Maji ya vilindini yakichotwa nayo yanaweza kupimwa vinasaba vinavyoelea ndani yake, na kuonesha ni viumbe gani wanaishi hapo hata kabla ya kamera kuwaona. Meli kubwa yenye kipima kina cha sauti na roboti ije baadaye, ikiwa inajua pa kwenda.

Na fedha ya kuendeleza, mapendekezo yangu ni kwamba fungu dogo la mapato ya bandari na ya gati la mafuta litengwe kwa ajili hiyo, kwa maandishi, tangu mwanzo. Anayepitisha mafuta juu ya vilindi hivi achangie kuvijua.

Yapo pia masharti ambayo hayahitaji shilingi. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ndiyo hutoa vibali vya utafiti. Kila kibali cha kazi ya vilindini kiwe na sharti la kwamba nusu ya vielelezo vibaki nchini, jina la mtafiti wa Tanzania liwe kwenye chapisho kwa kazi aliyoifanya kweli, vijana wetu wapande melini, na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili upelekwe kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya vijiji vilivyohusika. Hili la vielelezo si la heshima peke yake. Dawa ya sitarabini inayotumika kutibu saratani ya damu ilitokana na sifongo ya Karibea, na eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani 2010, ilitokana na kemikali iliyogunduliwa kwenye sifongo ya Japani. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliwekwa ili nchi yenye kiumbe ipate haki yake katika faida. Haki hiyo haidaiwi na nchi isiyojua kuna nini ndani ya maji yake.

Kwa Hifadhi ya Silikanti naomba jambo mahususi. Mpango wa usimamizi utakapopitiwa tena, kuta na mapango ya vilindini yawekewe mipaka yake kwenye ramani, na majarife yahamishwe kutoka hapo kwa makubaliano na fidia ya vifaa mbadala, mishipi na nyavu za samaki wa juu juu, vitakavyofika mkononi mwa mvuvi kabla ya katazo kuanza. Tukianza na katazo, tutapata uvuvi wa usiku na uadui. Nawafahamu watu hawa; wakishirikishwa ndio walinzi wa kwanza.

Mwisho ni suala la msimu. Kusi likishika, Mkondo wa Pemba haufai kwa kazi ya kamera. Mashua itayumba na kamba itapinda. Nafasi ni kaskazi, kati ya Novemba na Machi, siku bahari inapolala. Ikiwa kazi itafanyika msimu ujao, vikao na manahodha wa Kigombe, Mwarongo na Mwambani inafaa vifanyike wakati huu wa kusi, wakiwa nchi kavu wanashona nyavu. Mimi na walimu wenzangu wa sayansi tuko tayari kuandika alama zao bila malipo, mkituletea fomu na mtu wa kutuelekeza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa baiolojia, Tanga